Njia Mbili katika Zahanati ya Mama Tusa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo cha simu Tukuyu alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu, akauliza, "Binti, nguzo utaipanda na hiyo sketi?" Nikamjibu kwamba suruali ninayo mkobani, nasubiri tu kuonyeshwa nguzo. Alicheka mpaka akavua miwani. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yamejaa vitambaa na redio, lakini fundi simu mwanamke nilikuwa peke yangu. Kabla ya saa ya chai nilikuwa juu ya nguzo, mvua ya Tukuyu ikininyeshea, na nilijiona mtu.

Simu ya wakati ule ilikuwa waya: jozi ya nyaya za shaba kutoka kwa mteja hadi swichibodi, mahali opereta alipowaunganisha watu kwa mkono. Laini ikifa, unaifuata nguzo kwa nguzo, migombani na mabondeni, hadi uone ilipokatika. Fundi Mkuu wetu, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, hakuruhusu mtu kugusa chochote bila mita ya kupimia umeme wa laini. "Usiniambie unadhani," alifoka. "Umepima?" Swali hilo nilikwenda nalo Mbeya nilipohamishwa, nikaenda nalo Kyela kwenye joto na mbu, nikarudi nalo Mbeya.

Kisha likaja soko huria. Minara ya simu za mkononi ikaota kila kilima, shirika letu likapunguza wafanyakazi, na jina langu likasomwa. Nililia, sifichi. Lakini kampuni moja ndogo ya watu binafsi, iliyokuwa ikifunga kompyuta na intaneti maofisini, ikanichukua. Meneja Ufundi alikuwa rika la mdogo wangu wa mwisho, na hakunidharau hata siku moja. Alinieleza waifai taratibu: ruta hupokea intaneti na kuitawanya hewani kwa mawimbi, nywila humruhusu mtu kuingia, usimbaji huyavuruga maneno njiani ili mpita njia asiyasome. "Waya ulikuwa unauona unapoishia, Mama," aliniambia. "Mawimbi haya yanatoboa ukuta na kwenda kwa jirani." Namshukuru kijana yule hadi leo.

Kazi ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa Kiwira, kwenye zahanati ya Mama Tusa, muuguzi mstaafu. Aliniita nimfungie mtandao upya, safari hii "wenye kufuli", kwa sababu siri za wagonjwa zilikuwa zinatoka nje. Mwalimu mmoja alipima, na kabla hajamaliza dozi ya kwanza ugonjwa wake ukawa mazungumzo ya stendi. Wa kulaumiwa alikuwa ameshapatikana: Mwanaidi, mtaalamu wa maabara, binti wa Korogwe asiye na ndugu huku kwetu. Alikuwa ameambiwa mwisho wa mwezi aondoke.

"Ndiye anayepima," Mama Tusa aliniambia. "Nani mwingine angejua?"

Mwanaidi alikuwa anaosha vioo vyake bila kuinua macho. Mtu wa maabara akifukuzwa kwa kutoa siri, nani atamwajiri tena? Roho iliniuma.

Nikaenda kukaa benchi la wagonjwa. Kabla sijamaliza salamu, dada wa mapokezi aliniletea chai, na pamoja na chai akaninong'oneza nywila ya intaneti.

"Unampa kila mtu?" nikamuuliza.

"Mama amesema mgeni asiombe mara mbili."

Nikafungua laptopu yangu. Folda ya majibu, ambayo kompyuta ya maabara iliishirikisha ili daktari aisome chumbani kwake, ilikuwa wazi kwa kila aliyeingia mtandaoni. Nikamwita Mama Tusa akae karibu yangu. Jina la kwanza aliloliona lilikuwa lake mwenyewe, na vipimo vyake vya sukari.

"Mwe!" akasema, akashika kifua. "Kwa hiyo yeyote aliyekaa hapa na kompyuta…"

"Yeyote, Mama."

Aliisukuma laptopu kando. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha Kinyakyusa, "Sasa unataka nimnyime mgeni? Watu watasema mwanamke yule choyo kimemwingia uzeeni."

Hapo ndipo ningekwama kama nisingekuwa mke wa mtu wa kijiji cha Masoko, ambako kwa mila mkamwana humwepuka baba mkwe. Nikamwambia, "Mama, mimi na baba mkwe wangu tunakaa uwanja mmoja, na sijawahi kukutana naye uso kwa uso. Ana njia yake, nina njia yangu. Lakini chakula anachokula nimepika mimi, watoto wanampelekea. Amewahi kulala njaa?"

Mama Tusa alicheka akajipiga paja. "Kumbe mgeni wangu ndiye baba mkwe! Haya, tenga njia."

Nikatenga. Intaneti ilikuwa moja, lakini nilitengeneza mitandao miwili juu yake: wa wageni, wenye nywila ya kugawa pamoja na chai, na wa kazi, wenye nywila ndefu na usimbaji mpya. Kifaa kilicho katika mmoja hakikuweza kukiona cha mwingine. Folda nikaifunga, kila mfanyakazi akaingia kwa jina lake. Ruta, iliyokuwa juu ya friji mapokezi, nikaihamishia stoo yenye kitasa na kubadili nywila iliyotoka nayo kiwandani. Kisha nikazunguka nyumba na laptopu nikipima mawimbi, nikiyapunguza nguvu hadi yakafia migombani kabla ya kufika barabarani.

Nilipomaliza, Mama Tusa aliwaita wafanyakazi wote. Akamshika Mwanaidi mikono yote miwili mbele yao. "Mwanangu, nilikudhania vibaya. Nisamehe, na usiondoke."

Mwanaidi alilia. "Nilishawapigia nyumbani, Mama. Nimewaambia narudi."

"Wapigie tena," akasema Mama Tusa. "Waambie una mama huku." Akanigeukia mimi. "Ndaga fijo." Nimelipwa kazi nyingi maishani, ila asante ile ya Kinyakyusa naihesabu kati ya malipo makubwa.

Sasa nimestaafu, nina parachichi zangu na mgongo unaolalamika. Nikiwakumbuka wakubwa wangu, sioni ambaye sikujifunza kwake kitu, hata waliofoka. Hivi karibuni daktari aliniandikia kupima figo, nikaenda Kiwira kwa Mwanaidi, ambaye siku hizi ndiye msimamizi wa maabara. Majibu yalikuwa hayajatoka. Kesho yake mume wangu alipita huko akitoka sokoni, akarudi amevimba kwa hasira.

"Yule binti yako! Mimi mumeo, nimekuoa miaka yote hii! Chai kanipa, majibu kaninyima. Eti ni ya mwenye kupimwa."

Nilicheka mpaka mgongo ukanikanya. Nikaenda kuyachukua mwenyewe, Mwanaidi akafunga mlango, akanisomea polepole. Hayakuwa mazuri sana. Nilikaa nayo siku nzima, nikapalilia, nikasali. Halafu jioni, nilipokuwa tayari, nilimwita mume wangu jikoni nikamweleza yote kwa mdomo wangu.