Hangari ya Papa, Mudzipela

Enzi zetu hapa Bunia mtu alinunua gari kabla hajaweka mlango wa mbele wa nyumba, na hakuna aliyemcheka. Papa alikuwa mmoja wao. Nyumba yetu ya Mudzipela ilikuwa na pazia la kitenge mahali pa mlango, lakini uani palisimama kamioneti ya bluu, imechubuka pande zote, na watoto wa mtaa mzima walikuja kuigusa. Mimi ni Masika, mtoto wa kwanza. Nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu Kambale alikuwa na sita, na tulitembea kifua mbele utadhani gari tumelinunua sisi.

Wazazi wetu walitoka Butembo wangali maharusi, wakaja kutafuta maisha. Papa alipakia sabuni, chumvi na masufuria hadi Nia-Nia, akarudi na mchele na mafuta ya mawese. Wiki nyingine alipanda upande wa Kilo kuchukua wakulima na mizigo yao kuwaleta sokoni. Lakini gari lililolala nje halidumu. Jua lilipasua viti, mvua ikala bodi kutoka chini, na Mama akawa anasema kwamba tumenunua kutu. Ndipo Papa akaamua kujenga hangari, yaani banda la gari lisilo na kuta, nguzo sita na mabati juu.

Vijana wa leo wanaleta vyuma na fundi wa kuchomelea, na hangari inasimama kabla chai haijapoa. Ukiwauliza nguzo imeingia ardhini kiasi gani, wanakutazama tu. Sisi tulianza na mikaratusi mibichi. Tuliimenya magome kwa panga, uani kukanuka kama dawa ya mafua, mikono ikanata siku nzima. Kisha Papa aliwasha moto akaichoma miguu ya nguzo mpaka ikawa nyeusi kabisa, kwa sababu mchwa hali mkaa. Juu ya weusi ule mimi na Kambale tulipaka mafuta machafu ya moteri, kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Harufu ile haikutoka vidoleni hata kwa sabuni ya Papa mwenyewe, na Mama akatukataza kumega bugali kwenye sahani moja naye. Hata misumari ya mabati ilikuwa na kazi yake: kila msumari ulipita kwanza kwenye kipande cha mpira wa gurudumu, ili maji yasipate tundu. Tulikata vipande hivyo kwa mkasi wa Mama wa kushonea, tukachapwa kwa ajili ya mkasi.

Papa alipima kila kitu kwa kamba yenye mafundo, fundo la urefu, fundo la upana, fundo la kimo. Alipima vizuri sana, ila alipima siku aliyotoka Nia-Nia, gari limejaa magunia ya mchele. Majirani walikusanyika kuona likiingia, nalo likaingia bila kugusa kitu, watu wakapiga makofi. Jioni tukashusha magunia. Asubuhi Papa akarudi nyuma ili atoke, na kumbe springi zimepumzika, gari limenyanyuka. Chuma cha kufungia mizigo kikakamata boriti, kikang'oa mabati matatu mbele ya majirani walewale.

Mtu mwingine angepandisha paa. Papa alichimba chini. Ukaidi wa watu wa Butembo mnaujua. Siku mbili tulibeba udongo mwekundu kwa beseni, na tangu hapo sakafu ya hangari yetu ikawa chini ya ua kwa kiasi cha kiganja, kwa hiyo ilihitaji mfereji kuizunguka, na mfereji ulihitaji kuzibuliwa kila mvua iliponyesha. Hiyo ikawa kazi yangu na Kambale. Kila kiangazi tulipaka nguzo upya, tukagonga misumari iliyoinuka, tukaongeza changarawe. Sijui mtoto wa leo anayejua kwamba nyumba ni kitu cha kutunzwa. Wao huona bati linavuja, wakasogeza kitanda.

Gari lilipokuwa safarini tulicheza nzango pale chini, wasichana tukiruka na kurushiana miguu kwa kupiga makofi, na mvua ikilia juu ya mabati hatukusikia hata tukiitwa. Tukisikia moteri tulitoka mbio. Sharti la Papa lilikuwa moja, hakuna kitu kuachwa ndani. Jioni moja alikuwa amefika na taa moja tu inayowaka, akaponda beseni kubwa la Mama lenye mihogo iliyolowekwa. Tangu siku hiyo kila alipoondoka alisema maneno yaleyale: "Motokari ikiwa mu njia, fasi yake iko yake. Musiweke kitu pale." Lilikuwa neno la dereva aliyechoka, anayetaka kuingia bila kushuka. Hakuwa na maana nyingine.

Kisha vita vikaja. Sitaeleza vita, waliokuwepo wanavijua. Papa aliona mchele umekwisha madukani, akasema atakwenda Nia-Nia mara moja na kurudi, siku sita. Akaondoka Jumatatu. Siku ya sita Mama alipika kuku. Siku ya saba tukamla wenyewe.

Hakuna aliyetuletea habari kamili. Dereva mmoja alisema ameiona kamioneti ya bluu imeegeshwa karibu na Mambasa, mwingine akasema ile ilikuwa ya kijani. Mama alishika ile ya bluu. Kila asubuhi, kabla hajafagia mbele ya nyumba, alifagia hangari. Kiangazi kilipofika alinunua mafuta machafu kwa fundi wa magari, akatugawia vitambaa, tukapaka nguzo kama zamani. Nzango alitukataza. Neno la Papa la beseni likawa neno jingine mdomoni mwake: atakayekaa mahali pa msafiri amemfungia njia. Sikumbuki siku lilipogeuka. Najua tu kwamba mimi nililiamini kuliko yeye.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili watu walipoanza kushuka kwa wingi kutoka upande wa Kilo, na magodoro vichwani. Nyumba yetu ilikuwa imeshajaa, maana kaka yake Mama alikuja na mke na watoto wao saba. Ndipo akafika Mama Furaha. Huyu tulimjua vizuri. Kila Papa alipopanda Kilo, alishuka naye kwenye kamioneti na viazi vyake vitamu, na kile kikubwa kuliko vyote alituachia sisi. Sasa alikuja kwa miguu, na mtoto mmoja mgongoni, Furaha mwenyewe, wa miaka miwili. Hakujua mumewe alipo.

Alikaa kwenye kigoda, akanywa maji, akatazama ile hangari. Jua lilikuwa likiwaka. Akamwuliza Mama kama anaweza kutandika mkeka pale, siku chache tu. Mama alijibu kwa upole kwamba jikoni kuna nafasi, achukue jiko lote, lakini pale pana mwenyewe na yuko njiani. Mama Furaha akasema amemwelewa. Nadhani alimwelewa kweli, kwa kuwa naye alikuwa na wa kumngojea.

Jiko letu lilikuwa la nyasi, na nyasi zilikuwa za miaka mingi. Paa zima kuliko yote uani lilikuwa juu ya mahali patupu. Mvua ilipoanza, ilinyesha siku tatu kwa kupumzika kidogo tu, na kila ilipopumzika mimi na Kambale tulitoka kuzibua mfereji, ili hangari isiingie maji. Tukipita mbele ya jiko tulimsikia Furaha akikohoa. Mama Furaha alikuwa amemkinga mtoto kwa sufuria upande wa kichwani, maana tone lilianguka hapohapo.

Kwetu mgeni akishajibiwa na mwenye nyumba hamrudii usoni. Ni kumwaibisha, na ni kujiaibisha. Akiwa na shida zaidi humtuma mtoto wa nyumba ile, na jibu hurudi kwa mtoto yuleyule. Wakubwa wakikutana tena wanasalimiana kana kwamba hakuna kilichosemwa. Basi siku ya tatu Mama Furaha aliniita, nikasimama mlangoni pa jiko na jembe mkononi.

"Masika, ambia mama yako mutoto iko nakohoa mubaya. Siye tutakaa pembeni kabisa ya nguzo. Motokari ikikuja tutatoka."

Nikaenda. Mama alikuwa chumbani anachambua maharagwe, nilimwona mgongo kupitia nafasi ya pazia. Nilisimama pale. Niliwaza Papa anafika njiapanda, anapiga honi, anaona moshi na mikeka ndani ya hangari yake, anageuza gari. Niliiona kamioneti kabisa, nikaona na chuma chake cha kufungia mizigo. Mama hakugeuka, nami sikumwita. Nikarudi jikoni.

"Mama alisema hapana," nikamwambia.

"Aksanti, mutoto yangu," akanijibu.

Hayo ndiyo yote. Nimeyarudia miaka mingi nikitafuta mahali ambapo mtu alinilazimisha, sijapaona.

Furaha alikufa siku ya pili yake, asubuhi. Mjomba alimbeba kumkimbiza kwenye kituo cha afya, akarudi naye akiwa amefunikwa uso. Mama alipoona hivyo hakulia kwanza. Alichukua ufagio, akafagia hangari, akatoa mabenchi, akaenda kwa majirani kuazima viti, akatandika mkeka mpya katikati, pale palipokuwa na doa la mafuta ya moteri, na mtoto akalazwa hapo. Matanga yakakaa siku tatu chini ya mabati ya Papa, wala halikuvuja tone. Nilikaa nimeegemea nguzo niliyoipaka mwenyewe.

Siku ya kumalizia, tukiosha vikombe mimi na yeye, Mama aliongea bila kunitazama. "Aliniomba mara moja tu, na jua iko nawaka. Mvua ile yote, angenitumia mutoto, mimi ningekataa? Masika, ningekataa?"

Nikasema hapana, mama, usingekataa.

Mama Furaha aliondoka wiki ile pamoja na watu waliokuwa wakienda Komanda. Alimuaga Mama kwa mikono miwili, kwa heshima yote, kama mtu aliyenyimwa na kusamehe. Mama alidhani ni mtu aliyeona haya kuomba. Kila mmoja alimheshimu mwenzake, na katikati yao nilikuwepo mimi. Hatukumwona tena.

Papa naye hakurudi, wala kamioneti. Baada ya matanga Mama hakununua tena mafuta ya kupaka. Hakusema kwamba amekata tamaa, aliacha tu. Mchwa walipanda mwaka wa tatu, nguzo ya nyuma ikalala, Mjomba akaezeka jiko kwa mabati yaliyobaki. Leo mahali pale kuna duka la kuchajia simu.

Mama anaishi kwangu sasa. Kambale amejenga, ana gari zuri na hangari ya vyuma yenye sakafu ya matofali madogomadogo, safi kiasi kwamba unaogopa kukanyaga. Mbele ameweka lango la bati nene ambalo huoni ndani wala huonwi. Namtania kwamba Papa angempima kwa kamba yake. Na watu bado wanashuka kutoka milimani na magodoro vichwani, hata mwaka huu, wanapita mbele ya malango kama hayo na hakuna anayewanyima, kwa sababu hakuna wa kumwomba. Sisi angalau tuliulizana. Huwa nataka kusema hivyo kwa kujisifu, kisha nakumbuka.

Jioni Mama huwasimulia wajukuu juu ya yule mwanamke wa Kilo aliyeona haya kuomba mara ya pili. Anawaambia wasiwe na haya, mutu akiwa na shida atume neno, hakuna moyo usiosikia. Kisha analaumu simu zao. Anasema siku hizi ukimtuma mtoto kwa jirani anakuuliza kwa nini usipige, lakini enzi zetu mtoto alipewa neno akalibeba kwa mbio, akalifikisha lilivyo, akarudi na jibu bila kuongeza wala kupunguza. Watoto wangu hunigeukia kuniuliza kama ni kweli.

Nawaambia ni kweli. Bibi yenu anasema kweli, sisi tulikuwa tunafikisha.