Samaki Aliyepanga Bel-Air

Nyumbani kwa kaka yangu, mtaa wa Hewa Bora, mlango wa choo ndio pekee unaofungwa kwa ndani, na hata huo haukosi mtu wa kuubisha. Sisemi kwa ubaya. Wazazi wetu walipofariki kaka alinichukua, akanilisha, akanisomesha, wala hajawahi kunisimanga kwa tonge hata moja. Lakini nilikuwa naelekea miaka arobaini, nauza dawa katika duka moja la mjini, na bado nililala chumba kimoja na mabinti zake watatu, mmoja wao akizungumza ndotoni. Nilitaka chumba changu mwenyewe. Chumba kimoja tu cha kupanga, niweke kikombe mezani asubuhi na jioni nikikute palepale.

Mara ya kwanza nilipoomba ruhusa, kaka alicheka. Mara ya pili hakucheka.

"Kwetu mwanamuke anatoka ku nyumba na bwana, ao banamutosha mu sanduku," aliniambia. "Bantu batasema nini? Eti nilikufukuza?"

Sanduku alilolitaja halikuwa la nguo, lilikuwa la kuzikia. Nikaosha vyombo kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika.

Samaki alinijia wakati huo. Mke wa tajiri wetu, mama wa Kihindi, alikuwa anarudi kwao moja kwa moja, na alikuwa akigawa vitu vyake. Mimi akanipa samaki ndani ya chupa ya mayonezi. Dume dogo, la buluu iliyokolea, mapezi marefu kumzidi mwenyewe. Samaki wa kupigana, aliniambia, na sharti lake ni moja: anakaa peke yake. Ukimtilia mwenzake, mmoja atamuua mwingine. Upweke kwake ndio afya. Nilimpenda hapohapo, na kusema kweli nilimwonea wivu.

Chupa ya mayonezi si nyumba. Nilisoma kwenye simu kwamba samaki huyu huja juu kuvuta hewa, kwa hiyo anataka tangi pana kuliko refu. Kwamba huruka, kwa hiyo lazima kifuniko. Kwamba anapenda maji ya uvuguvugu yasiyosukumwa. Mjini niliona matangi yaliyotoka ng'ambo, yenye taa na pampu, ambayo ningeyanunua kama ningeacha kula. Palikuwa pia na bakuli la duara, la bei ya kwetu sisi. Muuzaji alinisifia lile bakuli namna shangazi anavyokusifia mwanaume ambaye wengine wote wamemkataa. Nililigeuza mkononi. Duara halina pembe. Samaki angezunguka humo mchana kutwa, anaonekana kutoka kila upande, bila mahali pa kuupa ulimwengu mgongo. Maisha hayo niliyajua, nikalirudisha rafuni.

Mwishowe nilielekezwa kwa fundi wa vioo nyuma ya soko, mtu wa madirisha, ambaye alikuwa akiunganisha matangi madogo kwa vipande vilivyobaki. Bei yake ilikuwa ya kuongeleka.

"Utaiweka fasi gani, mama?" aliniuliza. "Upime fasi mbele, kiisha njo nitakata."

Nikarudi nyumbani na futi ya kupimia, nikatafuta mahali pa kuliweka. Korido lote lilikuwa la wifi yangu, mke wa kaka, anayeuza samaki wakavu wa Pweto, kule ziwani. Magunia yake yalifika karibu na dari na harufu yake ilifika kwa majirani. Juu ya kabati palikuwa na mwinamo. Dirisha la chumbani lilijaa mafuta ya nywele na madaftari ya shule. Nilipima hata chini ya kitanda. Na nyumba yetu haina siri: ukivuta futi mara mbili, kila mtu ameshajua kuna jambo.

"Sasa hii samaki," wifi alisema, akiinua chupa kwenye mwanga, "nikiikausha itabaki nini? Jicho tu."

Jumapili, baada ya misa, kaka aliliweka jambo mezani pamoja na bukari, ule ugali wetu. Walijadili tangi langu namna wanavyojadili mahari. Likaamuliwa tangi kubwa, lisimame sebuleni kando ya televisheni, wageni waone, na kila mwenye kazi achange. Ndani watiwe samaki wengine watatu au wanne.

"Atapigana nao," nilisema. "Huyu anakaa peke yake."

"Batazoeana," kaka alijibu. "Hatuwezi kuacha kintu yenye roho inaikala yeye moya. Kidole moya haivunje chawa."

Mimi sikuwa na chawa, na samaki hakuwa nao. Lakini walikuwa wananipa zawadi, tena kwa moyo mweupe, na mtu anayekupa zawadi huwezi kumpigia kelele. Nikameza bukari.

Wakati tunasubiri michango, wifi aligundua mchezo. Alisimamisha kioo chake cha kujitazamia nyuma ya chupa. Samaki akajiona, akadhani ni dume jingine. Akatanua mapezi yote, akafungua mashavu, akaivamia chupa. Watoto wakapiga makofi.

"Anafurahi, anaona mwenzake," wifi alisema.

"Hapana. Ni hasira."

"Hasira gani iko muzuri vile?" kaka aliuliza, na kweli alipendezwa, alikuwa ameinama mikono magotini.

Basi kila jioni kioo kilirudi. Jirani akija, kioo. Padri akipita, kioo. Samaki alishinda akipigana na mtu asiyekuwepo, na baada ya muda ncha za mapezi yake zikaanza kuchanika. Hapo damu ilinipanda. Sikugombana na mtu. Nilitoka kazini, badala ya kurudi nyumbani nikaenda mtaa wa Bel-Air, kwenye chumba cha kupanga nilichokuwa nimekiona na kukitamani tangu nilipoanza kumwomba kaka ruhusa, nikakilipia.

Mwenye nyumba alikuwa mama mjane, mwenye asili ya Kasai, muuza vitenge, mtu wa maneno machache.

"Mutaikala bangapi?" aliniuliza.

"Mmoja," nilisema, na sikudanganya.

Kilikuwa chumba cha sakafu ya saruji, dirisha moja, na mlango wenye ufunguo. Chini ya dirisha palikuwa na kizingiti kipana cha saruji. Nilipima bila mtu kuniuliza napima nini. Kwa fundi nikaagiza tangi la urefu wa mkono wangu, kiwiko hadi ncha za vidole, na kiganja kimoja zaidi, kina kifupi, kifuniko chenye nafasi ya hewa. Alikata mbele yangu, akapaka gundi ya silikoni kwa kidole, akaniambia niliache likauke siku kadhaa, kisha nilijaze maji na kuyamwaga, na kurudia hivyo, mpaka harufu ya gundi, iliyofanana na siki, iishe. Nilinunua majani ya majini na chungu kidogo kilichopasuka, samaki apate pa kujificha. Mpango wangu ulikuwa rahisi: samaki atangulie, mimi nifuate mwisho wa mwezi, nikishapiga moyo konde na kumwambia kaka.

Siku niliyomhamisha nilimbeba ndani ya mkoba wa kazini, chini ya leso. Jioni wifi akauliza chupa iko wapi.

"Samaki ilikufa," nilisema.

Neno lilitoka lenyewe. Nilidhani ni uongo mdogo wa kuninunulia siku chache. Kaka aliacha kula, akaja kunishika bega, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Umeona, ndugu yangu? Njo vile nilikuwa nasema. Kintu ya kuikala yeye moya inakufa."

Kumwambia samaki hakufa ni kumwambia kuhusu chumba. Kukaa kimya ni kukubali. Nikakusanya sahani, na kuanzia siku hiyo samaki wangu akawa methali ya nyumba. Binamu mmoja aliyetaka kujenga mbali na ukoo alisimuliwa habari zake. Mwisho wa mwezi ulifika na sikuhama. Wa pili ukafika. Ningehamaje, wakati ushahidi wa kwamba mtu hawezi kukaa peke yake niliutoa mimi mwenyewe?

Kwa hiyo samaki ndiye aliyepanga Bel-Air. Mimi nilikuwa mgeni wake. Kila jioni baada ya kazi nilifungua mlango kwa ufunguo wangu, nikaketi kwenye kiti cha plastiki, nikampa chakula chake, nikakaa bila kufanya lolote. Hakuna aliyeniita. Mapezi yake yaliota upya. Juni, baridi ilipoanza kukaza, nilizungushia tangi blanketi nililokuwa nimenunua kwa ajili ya kitanda ambacho sikuwa nacho.

"Mupangaji wangu iko muzuri," mama mwenye nyumba aliniambia akipokea kodi. "Hana makelele. Weye utakuya siku gani?"

"Mwezi ujao, mama."

Giza likikaribia nilifunga mlango, nikarudi Hewa Bora, nikalala katikati ya pumzi za watu wengine. Nilijiona mjinga, nami nilikuwa mjinga. Kuna siku nililia kwenye kile kiti cha plastiki, si kwa huzuni, kwa hasira tu, kwa sababu mtu aliyenifungia alikuwa ananipenda, na kufuli nilimpa mimi.

Kisha binti mkubwa wa kaka akafaulu mtihani wa serikali. Akapata nafasi katika shule ya uuguzi upande wa Bel-Air. Nauli na msongamano vingemla, akaomba apange chumba na kukaa karibu na masomo. Alilisema Jumapili, mezani, macho yakiwa kwenye sahani. Nilikuwa nimewahi kuomba hivyohivyo, kwa sauti hiyohiyo.

"Weye moya?" kaka alisema. "Unasahabu samaki ya tantine yako?"

Tantine, yaani shangazi, ni mimi; wote wakanigeukia nithibitishe. Msichana naye akanitazama. Hakunisihi, alinitazama tu, kama mtu anayejua jibu na anasubiri lipite. Ana miaka kumi na minane. Nilimwona akiwa na umri wangu, amelala kitanda kilekile, akisikiliza ndoto za watoto wa ndugu zake.

"Haikufa," nilisema.

Tonge la kaka likabaki hewani. Nikaeleza yote, chumba, tangi, kodi, jioni zangu. Niliendelea mpaka mwisho, na nilipomaliza nilikuwa tayari kufukuzwa. Naona hata nilitumaini hivyo. Mtu aliyefukuzwa haombi ruhusa tena.

Kaka alinawa mikono polepole.

"Tutaenda kuiona," alisema.

Jumapili iliyofuata walikuja wote Bel-Air, wamebeba na sufuria ya wali. Mama mwenye nyumba akaazima viti. Chumba kilichokuwa kimezoea pumzi zangu peke yangu kilijaa hadi mlangoni. Kaka alichuchumaa mbele ya tangi muda mrefu. Samaki alikuwa amenenepa, anang'aa, na chini ya kifuniko alikuwa amejenga kiota chake cha mapovu.

"Iko muzima," kaka alisema.

"Iko muzima, yaya," nilisema, kama nilivyomwita kaka tangu utotoni.

"Yeye moya."

"Yeye moya."

Alisimama, akatazama chumba: kiti kimoja, msumari mmoja ukutani, hakuna kitanda.

"Na weye unalala wapi?"

"Kwako."

Kaka aligeukia dirishani. Nadhani jibu lile lilimuumiza kuliko uongo wote, na nilimhurumia, ingawa sikujuta. Alipogeuka tena uso wake ulikuwa umefunguka, na nikajua amekaa wiki nzima akiitafuta njia hii.

"Chumba iko muzuri," alisema. "Masomo ya mutoto iko karibu. Mutaikala hapa, weye na yeye. Muko babili, hakuna muntu atasema kintu."

Wifi alipiga kigelegele. Binti yake alinikumbatia akanikaza shingo, analia na kucheka. Kaka alinitazama akisubiri, mikono wazi, kama mtu aliyetoa alichokuwa nacho chote, na ni kweli alikitoa. Hakukuwa na mahali pa kusimama niseme hapana.

"Aksanti, yaya," nilisema.

Msichana alikuwa ameshaniachia. Alikuwa anapima kwa hatua ule ukuta wa dirishani, huku akihesabu kwa midomo. Akageuka, furaha imemjaa usoni.

"Tantine, kitanda yangu itaenea hapa," alisema. "Ao tusongeze samaki?"