Shujaa Anayeinamisha Kichwa

Ofisini kwetu wanapenda kunicheka. "Mama mzima na watoto wawili, bado unasoma katuni?" Ndiyo, nasoma, tena ya shujaa anayepaa, na anayetaka kucheka acheke mpaka meno yakauke. Kila Ijumaa jioni napitia kwa muuza magazeti hapa Kitengela, nachukua toleo jipya, na Jumamosi asubuhi niko Kajiado kwa baba.

Baba alikuwa afisa wa mifugo. Alichanja ng'ombe kutoka Oltepesi hadi Namanga, akastaafu, akakataa kurudi kwetu magharibi, akajenga karibu na soko la mifugo. Sasa anasahau. Alianza na funguo, akaenda kwa majina ya wajukuu, na shangazi anayeishi naye aliniambia bila kuzunguka kwamba zamu yangu inakuja. "Usikose Jumamosi," alisema. "Ukikosa, atakupoteza." Niliiogopa siku hiyo kuliko msiba. Nikaamini kwamba mradi tunasoma pamoja kila wiki, baba ataendelea kunijua.

Nimejiuliza sana kwa nini hadithi ile haikutuchosha kwa miaka mitatu. Si vita. Vita unajua vitaishaje: shujaa wetu, msichana wa kidato cha pili, atasimamisha lori kwa kiganja kimoja na mwizi atapiga magoti. Tulichongoja ni vitu vidogo. Viatu vyake vya shule humbana akipaa, naye hulalamika huko huko juu. Ugali wa nyanyake huungua kila mara kwa sababu yake. Na hata kama mji unawaka, akimkuta mzee wa Kimaasai njiani, kwanza huinamisha kichwa kwa salamu, mzee amguse utosini, ndipo aulize moto uko wapi. Baba alicheka hapo kila wiki. "Huyo amelelewa!" alisema, akiweka kiganja chake juu ya karatasi kama aliyesalimiwa yeye.

Halafu kila wiki kulikuwa na jambo moja jipya, dogo tu, katikati ya yale tuliyoyazoea. Nadhani mtu hufuata hadithi ndefu jinsi anavyotembelea jamaa yake: hataki kufunguliwa mlango na mtu mwingine, lakini habari mpya anazitaka.

Basi akaja mchoraji mwingine. Ala! Toleo lake la kwanza tu, msichana amevaa chuma mwili mzima, amempita mzee kwa kasi mpaka kofia ikaruka, na kurasa zilizobaki ni milipuko mitupu. Nililisoma nikiwa nimesimama, nikamrudishia muuzaji. "Takataka gani hii?"

"Mathee, mimi sichori," alisema. "Mimi nauza tu."

Nyumbani nikatoa toleo la mwaka juzi kwenye sanduku, lile la mwizi wa pampu ya kisima. Nilijiambia baba hatajua. Mtu asiyekumbuka kama amekunywa chai, atakumbukaje katuni? Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyowaza.

Jumamosi nilimkuta baba kibarazani, nikaketi kando yake, nikaanza kusoma kwa sauti. Alisikiliza vizuri. Tulipofika pale pa kuinamisha kichwa, hakucheka. Aliniangalia kwa adabu, vile mtu anavyomwangalia karani wa ofisi asiyoijua.

"Madam, hii ilisomwa," alisema. "Huyu mwizi wa pampu alishikwa. Alilia ndani ya gari ya polisi."

Tangu nizaliwe baba ameniita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Niliifunga katuni. Nikamwambia, "Baba, ni mimi."

Akanipigapiga mkono, kwa upole, ili nisione haya. "Usijali, wewe ni mgeni, hukujua. Msichana wangu anakuja leo na mpya. Huyo hawezi kunidanganya."

Shangazi alikuwa anatoka na chai. Baba akamwambia aongeze kikombe kimoja, maana mtoto wake yuko njiani.