Dawa Iliyodhaminiwa

Mama mkwe alikuja kwetu Mkolani kutoka Magu kunisaidia kulea mtoto, akiwa na simu mpya aliyonunuliwa na mwanawe. Wiki ya kwanza alilea mtoto. Ya pili akalea simu.

Nikaanza kuona anakunywa maji jagi baada ya jagi, chooni haishi kwenda. Nikafungua mfuko wake wa vidonge vya sukari. Vimejaa, havijaguswa.

"Mama, mbona dawa humezi?"

"Nimeacha. Sukari imepatiwa dawa ya kuimaliza. Imetangazwa kwenye habari."

Akanionyesha. Kweli bwana, habari! Mstari mwekundu juu, mtangazaji kavaa tai, daktari na koti jeupe lisilo na hata kunyanzi. Bingwa huyo kagundua unga wa kumaliza kisukari, ila hospitali hazijui. Kaamua kumwambia mama mkwe wangu kwanza. Ana huruma sana. Na pembeni, kwa herufi ndogo kama sisimizi: Imedhaminiwa.

"Mama, hili ni tangazo. Soma hapa."

"Nimesoma. Imedhaminiwa. Na sekondari yako yote hujui kudhaminiwa? Nani atamdhamini tapeli?"

Hasira zikanipanda. Hongera zao walioliweka neno lile! Huko kijijini kwa Mama mdhamini ni mtu mzima mwenye ng'ombe zake, anasimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji anasema huyu namjua, akikimbia nikamateni mimi.

"Sawa. Mdhamini wake ni nani? Anakaa wapi?"

Akatafuta mpaka chini kabisa. Hakuna jina, hakuna mtaa. Akambonyeza daktari: ikaja fomu ya kuagiza unga. Akambonyeza mtangazaji: fomu ileile. Juu palikuwa na neno Michezo, akabonyeza na hapo. Fomu.

"He! Gazeti gani hili, hata mpira ni dawa ya sukari?"

"Ndilo hilo lililokuachisha vidonge, Mama."

Akanisonya. Lakini akavaa kitenge cha kutokea, nami nikambeba mtoto, tukaenda zahanati. Nesi akampima kidoleni, akatazama kipimo, akapima tena. Kisha akamwita daktari. Huyu koti lake lilikuwa na doa la wino mfukoni, na hakutabasamu hata kidogo.

"Mama, ungechelewa siku mbili tatu, ungeletwa umebebwa. Umeacha dawa kwa ushauri wa nani?"

Mama mkwe akanitazama, akatazama chini.

"Nilisahau tu, daktari."

Nikamfungulia mfuko wake wa vidonge. Akameza kidonge palepale, mimi nikihakikisha kimeshuka.