Gari la Mkuu Halipekuliwi

Shaba ilikuwa inatoka mgodini bila mtu kuiona getini. Na getini nilikuwa mimi.

Acheni kwanza nijisifu. Mkuu wa ulinzi, miwani nyeusi, redio kiunoni. Nilipekua mpaka masufuria ya mama mpishi. Fundi mmoja aliyevunjika mguu niliigongagonga plasta yake nisikie kama inalia chuma!

Nyaya za shaba za pampu zikaendelea kukatwa.

Siku moja pampu zikazima, maji yakapanda huko chini walikokuwa vijana wa zamu. Walitoka wameloa mpaka kifuani, wanatetemeka. Mmoja akaniangalia, akatema mate, akapita.

Iliniuma, jamani. Nikawakusanya walinzi, nikafoka: "Kuanzia leo hapiti mtu bila kupekuliwa! Awe nani!"

Jioni nikatoka na gari langu. Kama kawaida nimempa lifti shemeji, mdogo wa mke wangu, fundi umeme hapo hapo mgodini. Mlinzi mpya, binti mpole, akashusha kizuizi.

"Shikamoo, mkuu. Naomba ufungue buti."

"We binti, unanijua mimi?"

"Nakujua, mkuu. Si ulisema awe nani?"

Foleni nyuma yangu ikaangua kicheko. Nikashuka kwa mbwembwe, nikafungua buti.

"Haya, pekua! Toa na tairi la akiba kabisa!"

Akalitoa.

Chini yake shaba tupu. Imemenywa, imekunjwa vizuri kama nguo zilizopigwa pasi.

Nikageuka kumtazama shemeji. Kiti kitupu, mlango wazi. Jamaa anatimua mbio! Vijana wa zamu wakamdaka.

Ndipo nikaelewa kwa nini kila jioni aling'ang'ania kunioshea gari. Na nilivyokuwa namsifia kwa mke wangu: "Mdogo wako ana adabu, sijapata kuona."

Shemeji aliwaambia polisi ukweli, kwamba sikujua lolote. Huo ndio ukawa utetezi wangu: mkuu wa ulinzi asiyejua lolote.

Nyumbani mke wangu alinisubiri mlangoni. Alinyoosha mkono, nikampa funguo za gari.

Kazi sikufukuzwa. Walinzi wapya wakija, meneja ananisimamisha mbele niwasimulie haya. Wanacheka mpaka wanalia.

Wakimaliza kucheka nawaambia: anzeni kumpekua yule mnayemwogopa. Mwizi mwenye akili hahangaiki kuruka ukuta. Anaomba lifti kwa bosi.