Barua ya Glenys Juu ya Friji

Glenys Noske alikuwa msanifu wa betri za magari kiwandani kwetu, Adelaide, Australia. Kazi yangu mimi ilikuwa kupasua betri mbovu zilizorudishwa na wateja, nimwambie zimekufa kwa nini. Alikuwa mchapakazi, ila kwake mteja alikuwa mtu asiyesoma maelekezo.

Doreen Pascoe, mama aliyepeleka barua na vyakula kwa lori kwenye mashamba ya ng'ombe kaskazini mwa mji mdogo wa Marree, alituandikia mara tatu. Betri zetu hazikumaliza miezi minne kwake. Mara ya tatu Glenys akamjibu: "Betri haina kosa. Jifunze kuitunza."

Kabla hajaituma, nilimwomba asubiri nipasue moja kwanza.

"Achana naye, Lloyd," akasema. "Huyo anataka betri ya bure."

Mwaka uliofuata mauzo ya kaskazini yalianguka, Glenys akatumwa akaulize wateja wanataka nini. Yaliyompata huko alinisimulia mwenyewe.

Aliingia mgahawa wa kituo cha mafuta, akalipia pai ya nyama. Juu ya friji ya soda akaiona barua yake, imebandikwa, sahihi chini. Dereva mmoja alikuwa akiisoma kwa kubana pua.

"'Jifunze kuitunza!' Dor, leo umeibembeleza betri yako?"

"Nimeipa na chai," akajibu mama mmoja aliyeegemea kaunta. Ndiye Doreen.

Watu wakaangua kicheko. Glenys naye akacheka. Aliniambia hilo ndilo lilimuuma kuliko yote, kwamba alicheka. Kisha akajitambulisha kwa Doreen kuwa ni Glen, mtafiti wa magari, akaomba lifti.

Kesho yake wakaondoka. Barabara ile imejikunja kama bati. Unaongea meno yakigongana. Mchana walizima lori kushusha magunia ya unga, halikuwaka tena. Doreen akaing'oa betri, akaitikisa. Ndani vipande vikagongana.

"Unasikia? Mabamba ya ndani yamekatika. Ni mitikiso hii. Niliwaandikia."

Glenys akatazama viatu vyake. "Ile barua niliiandika mimi."

"Najua, mpenzi. Nililiona jina lako kwenye kadi ulipolipia pai."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka nione utachukua muda gani."

Walikaa kivulini mwa lori kwa muda wa saa tatu wakingoja msaada. Doreen akasema neno moja tu la kazi: "Kila mwaka mnatangaza nguvu zaidi. Nguvu ninazo. Nataka isivunjike."

Aliporudi, Glenys alikuja moja kwa moja kwenye msumeno wangu. "Pasua zote, Lloyd."

Kati ya betri arobaini za kaskazini, thelathini na moja zilikuwa zimekatika mahali pamoja. Tukayagandisha mabamba kwa gundi kwenye sakafu ya boksi, tukaimarisha maungio. Doreen alitujaribia sampuli tatu. Mbili zilikufa, ya tatu ikadumu miezi kumi na tisa.

Siku ya kuizindua betri mpya, mkurugenzi alimsifu Glenys kuwa ndiye mfano wa kusikiliza wateja. Akasimama, mwekundu hadi shingoni.

"Aliandika mara tatu," akasema. "Mimi nikamtukana."

Akaketi. Hakuna aliyejua kama apige makofi.

Alimwandikia Doreen kumwomba radhi, hakujibiwa. Doreen ananunua betri zetu mpaka leo, lakini akipiga simu huniulizia mimi.