Nilinyoosha tumbo la randa nyumbani, Mchinga nzima ikadhani nachanganya dawa ya vita

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wote shikamooni.

Naandika kutoka Mchinga, zama hizi za Mdachi, vita ya maji ikiwa imepamba moto huko bara. Mtandao nimeupata wapi msiniulize, tufanye tu umefika. Haya yamenikuta mimi mwenyewe na sijatia chumvi.

Mimi ni seremala. Nina randa ya chuma kitupu, nilibadilishana na seremala wa meli kwa kitanda. Nilijiona nimelamba dume.

Kumbe tumbo la randa, yaani ule upande unaoteleza juu ya ubao, limeingia ndani. Mbele linagusa, nyuma linagusa, katikati hewa tupu. Unasukuma mpaka jasho linaingia machoni, ubao unakutazama tu.

Hapa niseme kidogo. Wale mnaoweka randa kifudifudi sakafuni, mlilelewa na nani? Randa inalazwa ubavu. Haya, tuendelee.

Tumbo la namna hiyo hunyooshwa kwa kusuguliwa kwenye kitu kilicho bapa kweli kweli. Nyumbani kwangu kitu bapa ni kimoja: jiwe la kusagia la mke wangu, Bi Somoe. Juu lina bonde, lakini ukiligeuza, chini limenyooka vizuri mno. Bi Somoe alikuwa kisimani, kwa hiyo ruhusa nilijipa mwenyewe.

Nikaliweka jiwe uani juu ya sinia. Nikamwaga mchanga laini na maji. Randa nikaipaka masizi ya chungu tumboni, maana masizi yakibaki mahali ujue hapo bado pana bonde. Pembeni nikaweka mafuta ya nyonyo, maana kwa chumvi ya pwani hii, chuma kikilowa tu kinashika kutu. Nasugua, natia mafuta, nasugua.

Punje za mtama zilizoganda kwenye jiwe zikawa zinadondokea siniani. Sikujali, mimi na mtama wapi na wapi.

Jasho nalo nikawa nalifuta kwa mikono ile ile ya masizi. Na nina tabia ya kusema na vyombo vyangu. Nikawa nanong'ona, "Nyooka. Nyooka baba. Usiniaibishe."

Sasa jirani yangu Mfaume akachungulia juu ya ua wa makuti. Akaona mtu amepiga magoti, uso una michirizi myeusi, ananong'ona juu ya sinia la maji, nyonyo na mtama.

Wakuu, dawa ya vita huko bara, ile ya kugeuza risasi za Mdachi kuwa maji, inasemwa inachanganywa na vitu gani? Maji, nyonyo na mtama.

Mfaume hakuuliza. Mfaume haulizi, Mfaume anatangaza.

Mara wanaume wakaanza kuingia uani mmoja mmoja, kimya, wamevua kofia. Nikadhani nimepata wateja wa vitanda. Mmoja akasema kwa adabu, "Fundi, nasi tuko tayari."

Nikamjibu, "Subirini, bado haijanyooka."

Wakaitikia kwa vichwa kama wameambiwa jambo zito. Nilifurahi mno, sijawahi kupata wateja wavumilivu namna ile.

Waliofuata kuingia walikuwa askari wa akida, mtawala wetu aliyewekwa na Mdachi. Wateja wangu wakapita juu ya ua kama kuku. Nikabaki mimi, randa na sinia.

Wakanikamata, wakanibebesha randa na sinia mpaka kwa akida. Watu hunyongwa kwa maji hayo. Ukibahatika ni hamsa ishirini, viboko ishirini na tano vya makalio. Mimi nilikuwa naogopa vyote viwili kwa pamoja.

Nikafika barazani. "Shikamoo bwana akida."

"Marahaba. Hayo maji ya nini?"

"Ya randa, bwana. Nainyoosha tumbo."

Akauangalia uso wangu wenye masizi. Akasema, "Kama ni kweli, tuonyeshe. Piga ubao ule."

Ubao wenyewe ni benchi ambalo watu hulazwa kuchapwa. Limejaa vibanzi, limekwaruza matumbo ya nusu ya Mchinga. Nikapitisha randa. Wakuu, ikatoa unyoya mrefu wa mbao, laini kama ganda la kitunguu. Nikajisahau kabisa. Nikalipiga benchi lote mpaka miguu yake, nikalipaka na nyonyo.

Akida akalipapasa. Akatabasamu. "Kweli wewe ni fundi. Kamba imekuepuka."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Lakini umetutia hofu na mji mzima. Lala hapo, tulijaribu benchi."

Nikalala. Makalio sitayasema. Ila tumboni, wallahi, hata kibanzi kimoja hakikunichoma.

Jioni Mfaume kaja kunipa pole. Kaninong'oneza, "Fundi, viboko viligeuka maji?"

Somo nililopata: kabla ya kunyoosha randa, mwite jirani umweleze kila kitu kilichomo kwenye sinia. Na msasa kama mnao huko kwenu, tumieni.

Karibuni kwa maoni, na wenye njia ya kunyoosha randa bila maji waniambie. Nitasoma yote, maana nimelala kifudifudi, na Bi Somoe anataka kujua jiwe lake limekwaruzwa na nini.